Kompyuta Imekubali

Wote wanaomkumbuka mkutubi wetu huanza na wema wake. Mimi nitaanza na uchoyo wake, kwanza kwa sababu ni kweli, na pili kwa sababu nimechoka kuusikia huo wema.

Alikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu, na hakuna mwingine aliyekinywea. Alikuwa na mwavuli ambao hakuwahi kumwazima mtu, hata siku zile mvua ya Kanazi, ilipokuwa shule yetu, iliposhuka mlimani bila taarifa na kutukuta sote tumesimama kibarazani na madaftari kichwani. Kalamu yake aliifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, na ukitaka kusaini daftari la vitabu uliinama ukaifuata huko iliko. Na alikuwa na kiti. Kiti cha kawaida cha mbao, chenye mto alioushona mwenyewe kwa vipande vya vitenge, kimewekwa kati ya dirisha na meza ya kompyuta. Miaka saba niliyofundisha pale sikumwona mwalimu yeyote akikikalia. Mkaguzi mmoja alifika akajibwaga juu yake bila habari. Mkutubi alisimama mbele yake, mikono nyuma, hasemi neno, mpaka yule bwana akainuka mwenyewe na kumalizia ukaguzi wake wima.

Sasa mtu huyohuyo, ambaye hakuweza kukuachia kalamu dakika mbili, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba kompyuta iwe ya kila mtu.

Kompyuta yetu ilikuwa moja kwa walimu kumi na wanne. Iliwekwa maktaba kwa sababu ndicho chumba pekee chenye nondo madirishani, na kwa hiyo mkutubi akawa msimamizi wake bila kuomba. Hakusomea kompyuta. Alijifunza kwa daftari: kila alichokibonyeza alikiandika, na kilichotokea alikiandika pia, kwa mwandiko wa mtu anayeorodhesha vitabu. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpa kila mwalimu jina lake mle ndani. Ukiwasha, unaona majina yamepangwa, unabonyeza lako, unaingiza neno lako la siri, unakuta mambo yako. Alipomaliza walimu akaongeza jina la kumi na tano, la mpishi wa shule.

Tulicheka. Mpishi alikuwa mama wa makamo, Msubi, kwao Nyamahanga huko Biharamulo, na alikuwa hajawahi kugusa mausi. Lakini alikuwa katibu wa kwaya pale parokiani, na mkutubi alijua kwamba mama yule alikuwa akinakili nyimbo kwa mkono, nakala ishirini, kila zinapokaribia sikukuu. Baada ya miezi miwili mpishi alikuwa anachapa kwa vidole viwili, aproni yake imetundikwa mlangoni ili isilete masizi. Ukipita nje ungemsikia akiimba mstari kwanza, halafu anauandika.

Ijumaa, masomo yakiisha, mkutubi alituita mmoja mmoja. Unaingia, unaandika neno lako la siri huku yeye akitazama dirishani kwa adabu, halafu anageuka.

"Unaona nini, Mwarimu?" ndivyo alivyotamka, na ndivyo nusu ya wilaya inavyotamka.

Unamtajia kila unachokiona: programu ya kuandikia, kamusi, ramani, vitabu vya mtaala. Yeye anatia alama daftarini. Kisichoonekana kwako na kinaonekana kwa mwenzako, unaondoka ukijua Ijumaa ijayo kitakuwepo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiingie mwenyewe kwa jina lake la usimamizi akatazama mara moja tukaenda zetu nyumbani.

"Mimi nikifungua naona kila kitu," alisema. "Hiyo hainisaidii. Nataka kujua wewe unaona nini."

Walimu wenzangu walilipenda sana jibu hilo na walilirudia mpaka likanichosha. Mama mkutubi ana moyo, walisema. Nilikuwa nimekaa palepale nikinywa chai, mwalimu wa Hesabu mwenye shahada, na hakuna aliyesema mimi nina moyo. Naandika haya nikiwa mtu mzima na sioni sababu ya kuficha: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu alivyosalimiwa, alivyoulizwa, watu walivyonyamaza akianza kuzungumza. Hata lile daftari lake nililionea wivu.

Ndipo nilipopata programu ya matokeo. Aliyenipa ni rafiki niliyesoma naye chuo. Unaingiza alama za mitihani, yenyewe inajumlisha, inapanga nafasi, inatoa ripoti ya kila mwanafunzi, unachapa. Kazi ya wiki mbili ikawa ya siku moja. Niliileta kwa flashi nikaiweka chini ya jina langu, mchana, maktaba haina mtu isipokuwa mkutubi kitini pake nyuma yangu, anashona jalada la kitabu lililobanduka.

Programu yenyewe iliniuliza kabla ya kujiweka. Iliuliza kama iwekwe kwa ajili yangu peke yangu au kwa kila anayetumia kompyuta hii. Jibu la pili lilitaka neno la siri la msimamizi, yaani nigeuke nimwombe mkutubi. Jibu la kwanza halikutaka ruhusa ya mtu. Nilitulia kidogo na mausi mkononi. Nikabonyeza la kwanza.

Wenzangu waliposikia na kwenda kuitafuta kwenye majina yao hawakuiona. Nikawaambia kompyuta yetu ni ya zamani, programu kubwa kama ile inakubali jina moja tu. Walikubali mara moja. Nani angebishana na mwalimu wa Hesabu?

Mwaka ule nilikuwa mtu. Muhula ukikaribia kufungwa foleni ilianzia kwenye meza ya kompyuta ikaishia kwenye rafu za historia. Kila mwalimu na karatasi yake ya alama mkononi, ananisubiri mimi. Waliniletea maparachichi, waliniletea mahindi ya kuchoma, mwalimu wa Kemia alinibebea mkungu wa ndizi kutoka kwao mpaka mlangoni kwangu. Waliniita Mtaalamu. Jina la kila mmoja lilikuwepo kwenye kompyuta ile, lakini jina lililokuwa na kazi lilikuwa langu. Na mkuu wa shule alikuwa ameshatangaza kwamba nafasi ya mwalimu wa taaluma ingekuwa wazi mwisho wa mwaka. Niliitaka nafasi ile sana. Niliitaka hata nikawa naijaribu saini yangu na cheo chake pembeni mwa karatasi za kujaribia hesabu.

Mkutubi alikaa kitini pake mwaka mzima akiitazama foleni. Ijumaa aliendelea kutuita. "Unaona nini, Mwarimu?" Na mimi nilimtajia vyote, na mwishoni nikataja programu ya matokeo, na yeye hakuitia alama.

Mwezi wa kumi na moja mjomba wangu alifariki, Kasulo. Nilikwenda kuzika. Matokeo yalitakiwa kugawiwa kwenye kikao cha wazazi Jumamosi, na mimi nilijua. Tulizika Jumatano. Alhamisi ningeweza kurudi. Nilibaki mpaka Jumapili, na simu niliizima. Mtu akizima simu msibani nani atamlaumu? Nilikaa kwenye benchi la wanaume, nikala maharage ya matanga, nikifikiria wenzangu wanavyohangaika huko Kanazi, na ilinipa raha ambayo haikufaa kuwa nayo mahali pale.

Jumatatu niliingia maktaba nikakuta hakuna foleni. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa kwenye kompyuta, chini ya jina lake, anarekebisha ripoti ya Kidato cha Pili kwenye programu yangu, tena anapiga mluzi.

"Umefunguaje?" niliuliza.

"Ipo tu. Kila mtu anayo. Pole na msiba, Mtaalamu."

Nilimtazama mkutubi. Alikuwa anapuliza chai kwenye kikombe chake cha bati.

"Kompyuta imekubali," alisema.

Maneno mawili hayo. Hakusema aliiondoa programu niliyoiweka, akaiweka upya kwa jina la usimamizi kwa kutumia faili ambalo mwenyewe nilikuwa nimelisahau mle ndani. Hakusema aliwaita walimu kumi na watatu Alhamisi na Ijumaa, mmoja mmoja, awaulize wanaona nini. Haya niliambiwa na wengine, kwa furaha kubwa. Na zaidi ya yote hakusema nilidanganya. Aliuchukua uongo wangu ulivyo, akauongezea mwisho mzuri, na mimi sikuwa na pa kulalamikia. Ningesema nini? Kwamba haikupaswa kukubali?

Kikao cha wazazi kilikuwa kimekwenda vizuri. Nafasi ya taaluma alipewa mwalimu wa Kiswahili, ambaye alikuwa ameshika usukani nilipokuwa msibani. Maparachichi yalikoma.

Sasa nitaeleza nililolifanya, na sitalipamba. Kwa miezi nilitafuta kosa la mkutubi. Nilipekua rafu nikitafuta kitabu kilichopotea, nikakuta kila kimoja mahali pake. Mwishowe nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejali kwamba kama programu ya matokeo iko kwa kila jina, basi iko pia kwa jina la mpishi, na mpishi anaweza kuona alama za watoto, akazibadilisha, akazipeleka kwaya. Mkuu alishtuka. Siku hiyohiyo aliingia maktaba akaagiza jina la mpishi lifutwe mbele yake. Nilikuwepo, nimejifanya natafuta atlasi. Mkutubi aliweka kikombe chini, akafanya alichoambiwa, akaandika daftarini. Mpishi alirudi kunakili nyimbo kwa mkono. Nilitarajia nitafurahi, na kwa siku mbili nilifurahi.

Mkutubi alistaafu miaka miwili baadaye. Nilipohamishiwa Biharamulo nilikuta wenzangu wapya, na hadithi za wema wake zikawa zimenitangulia huko, kwa kuwa mmoja wao aliwahi kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwetu. Nilikunywa chai yangu.

Shule mpya ina kompyuta moja nzuri ya walimu wote. Mwalimu wa Fizikia ameweka humo programu ya kuandaa mitihani, inachora maumbo na grafu, kitu ambacho mwalimu wa Hesabu anakitaka kama chumvi. Haionekani kwenye jina langu. Nilimuuliza. Akavuta shati lake kidogo akaniambia kompyuta ina mambo yake, programu kubwa kama hii inakubali jina moja tu.

Nilisimama foleni. Mtu wa tatu, na grafu zangu mkononi, na wiki iliyofuata nilijikuta nimemletea Fizikia mapapai. Ningeweza kumwambia anadanganya, lakini angeniuliza nimejuaje. Na ukweli ni kwamba sikujua jinsi ya kukifungua kitu kilichokwisha kufungwa. Nilijua kufunga tu. Basi Jumamosi moja nilipanda bodaboda nikaenda Nyamahanga, kwa kuwa mkutubi alikuwa amehamia huko. Kiwanja alitafutiwa na mpishi, kwao.

Nyumba yake ni ndogo, ya matofali ya kuchoma, migomba mpaka mlangoni. Nilimkuta anaanua nguo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwarimu. Umenenepa."

Ndani nilikuta vitu viwili ninavyovijua. Ile kompyuta yetu kuukuu, ambayo shule iliiuza kwenye mnada wa vitu chakavu ilipoletewa mpya, sasa inatumia umeme wa jua. Na mbele yake kile kiti, na mto wake wa vitenge uliofifia. Aliiwasha. Majina yakajitokeza yote, hajafuta hata moja. Langu lilikuwa la tatu. Chini kabisa, la kumi na tano, lilikuwa limerudi jina la mpishi. Mimi nilikaa kwenye kigoda.

Nilimweleza shida yangu. Sikumwambia Fizikia alinijibu nini, lakini aliniuliza, na nilipomwambia alitabasamu kidogo, akafungua daftari lilelile na kunisomea. Ingia kwa jina la usimamizi. Toa programu. Iweke upya. Ikikuuliza ni ya nani, chagua jibu la pili. Kisha mwite kila mtu aingie kwa jina lake, umuulize anaona nini. Nilinakili. Msimamizi wa kompyuta kwenye shule yangu mpya ni mwalimu wa taaluma, na huyo nilijua hatakataa.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," nilisema.

"Ego," alisema, yaani ndiyo. "Nilikuwa nyuma yako. Nina macho."

"Mbona ulikaa mwaka mzima?"

Alikunja daftari. "Kwa sababu watu walikuwa wanakuja. Wakisubiri, wanachukua kitabu. Mwarimu wa Kemia alimaliza vitabu vinne kwenye foleni yako. Nikasema acha iwe hivyo." Akaliweka daftari mezani. "Halafu nikaanza kukuonea wivu."

Niliweka kalamu chini.

"Chumba ni changu, vitabu ni vyangu, watu wameingia kwangu wananipa mgongo. Wewe parachichi, wewe ndizi. Mimi hata salamu wanaitupa wakipita. Siku ulipokwenda Kasulo nikasema, sasa. Watu wanafikiri niliwahurumia. Nilitaka foleni yako ife." Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, meno mawili ya mbele hayapo. "Ikafa. Na wale watu hawakurudi tena kwenye vitabu. Wakachapa ripoti zao, wakaenda. Nikabaki peke yangu na kiti changu."

Miaka yote ile nilikuwa nimemwonea wivu mtu aliyekuwa ananionea wivu mimi. Nilitafuta mahali pa kulicheka jambo lile, na ningelipata, lakini mlango ulifunguka akaingia mpishi, amezeeka, karatasi za kwaya mkononi. Nilimwamkia. Akaitikia kwa furaha, akaniuliza habari za Kanazi, akafurahi kweli kuniona. Alikuwa hajui. Kisha akapita mbele yangu, akavuta kile kiti, akakaa.

Mkutubi hakusimama wala hakuweka mikono nyuma. Alimsogezea tu karatasi karibu na mwanga. Mpishi akaanza kuimba mstari kwa sauti ya chini, akauandika kwa vidole vyake viwili. Na mimi, kwenye kigoda, mwalimu mwenye shahada na mvi za kwanza, nilishikwa na wivu uliozidi ule wa nafasi ya taaluma. Miaka saba. Sikuwahi hata kukigusa.

Aliponisindikiza, tulipofika kwenye migomba ya mwisho, sikuweza kujizuia.

"Mama, kile kiti. Mbona yeye anakaa?"

"Aliomba."

"Aliomba tu?"

"Aliomba. Nyie hamkuomba. Mnaambiana kiti cha Mama hakikaliwi, nani aliwaambia?" Alisimama, maana mtu akisindikiza mgeni anajua pa kuishia. "Aliomba ile siku uliyomfutisha jina. Alikuja jioni kuchukua aproni yake mlangoni. Akaniuliza, Mama, naweza kukaa kidogo. Nikamwambia kaa."

Hakuwa amekasirika. Alinipa mkono, akanitakia safari njema, akarudi ndani kulikokuwa na wimbo.

Jumatatu nilimwomba mwalimu wa taaluma neno la siri la msimamizi, akanipa. Nikafuata daftari hatua kwa hatua, na iliponiuliza nikachagua jibu la pili. Niliwaita walimu mmoja mmoja, nikatazama dirishani wakiandika maneno yao ya siri, nikawauliza wanaona nini. Hakuna aliyenishukuru kwa namna ya pekee, na iliniuma, sitasema uongo. Mwisho nikaongeza jina moja.

Fizikia alisimama nyuma yangu na kusoma. "Huyu si mpishi wetu? Wa nini humu?"

Macho yalikuwa yamemwiva kwa wivu, na nilimjua alivyo kama ninavyojijua.

"Kompyuta imekubali," nikamwambia.